Barua ya wazi kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi: pomboo wa Kizimkazi na wa Nungwi msiwahesabu pamoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar, na wakurugenzi wako wa uvuvi na uhifadhi wa bahari. Nakala kwa Kamisheni ya Utalii.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, najua mezani kwako pana bandari, mafuta na gesi, kilimo cha mwani na boti za mikopo, na barua ya pomboo inaweza kuonekana ya mtu asiye na shughuli. Nivumilie kidogo. Katika kikao kimoja cha kijiji huku kusini, mzee mmoja aliuliza itakuwaje iwapo pomboo wataendelea kufia kwenye jarife, yaani wavu mkubwa wa kutega. Ofisa aliyehudhuria alimjibu kwa upole: bahari ni moja, hawa wakipungua watakuja wengine. Watu wakaridhika, kikao kikafungwa kwa dua.

Jibu lile nimelisikia tena baadaye, kwa wenye boti za watalii, kwa wavuvi, hata kwa walimu wenzangu. Linaingia akilini upesi kwa sababu anayelisema anaitazama bahari kutoka juu, na kutoka juu ni kweli bahari haina kiambaza. Lakini si sahihi, na maadamu mipango yetu imesimama juu yake, tutawapoteza pomboo wa kusini huku vitabu vya serikali vikionyesha kwamba Zanzibar ina pomboo wa kutosha.

Ombi langu nalitanguliza ili usilitafute: kila hesabu, kila leseni na kila tathmini ya mazingira inayowagusa wanyama hawa ifanywe kwa kundi lao. Kusini mwa Unguja peke yake, kaskazini peke yake, Pemba peke yake.

Nasomesha baiolojia katika skuli ya sekondari Wilaya ya Kusini, na nyumbani kwetu ni watu wa jarife tangu enzi za babu. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu wa mjini anayependa wanyama wenye sura ya kucheka. Pomboo kwetu amewahi kuwa chambo cha papa. Hilo halikufichwa na mtu yeyote Kizimkazi, kijiji cha pwani ya kusini; hadi miaka ya 1990 walikuwa wakiwindwa, kisha watalii walipoanza kulipa ili wawaone, watu wakapiga hesabu na kuacha chusa.

Sasa nije kwenye vinasaba, maana hapo ndipo penye hoja yenyewe.

Mwaka 2011 Anna Särnblad na wenzake, miongoni mwao mtaalamu wetu Omar Amir, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa pomboo wa Unguja, wale tunaowazoea ambao kitaalamu huitwa Tursiops aduncus. Walisoma vinasaba vya mitokondria. Kwa asiyefahamu, hivyo ni vinasaba ambavyo mtoto hupokea kwa mama tu. Baba hana mchango. Ukivifuata unapata ukoo wa kikeni: nani ni binti wa nani, kwa maelfu ya vizazi. Laiti majike wa Kizimkazi wangekuwa na desturi ya kuhamia Nungwi kule kaskazini na wa Nungwi kushukia Kizimkazi, aina za vinasaba hivyo zingekuwa zimechanganyika pande zote mbili. Hazikuchanganyika. Pomboo wa pwani ya kusini na wa pwani ya kaskazini walionekana kutofautiana waziwazi, na kati yao pana umbali wa kilomita 80 hivi.

Kilomita 80, Mheshimiwa. Pomboo anaweza kuzimaliza kwa siku moja bila kuchoka. Hakuna nchi kavu inayomzuia, hakuna maporomoko. Anaweza kwenda na haendi, au akienda hakai akazaa huko. Jike huzaliwa, hulelewa na huzalia katika maji ya mama yake.

Kwa nini? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya maji yenyewe. Ghuba ya Menai huku kusini ni ya kina kifupi, visiwa vidogo vya Kwale, Pungume na vinginevyo vimetawanyika, kuna majani ya bahari, mchanga, miamba, na mikondo inayoingia na kutoka kwa saa za maji kujaa na kupwa. Kule kaskazini ukitoka kidogo tu nje ya mwamba, kina kinashuka ghafla. Samaki si wale wale, namna ya kuwavizia si ile ile. Omar Amir na wenzake walipopasua matumbo ya pomboo 26 waliokufa kwenye nyavu za Unguja walikuta mabaki ya aina 50 za samaki na aina 3 za ngisi, na samaki aliyeongoza alikuwa mkunga mmoja wa chini kwenye tope na mchanga. Kumpata mkunga wa aina hiyo si jambo la kubahatisha. Mtoto wa pomboo hukaa na mama yake miaka kadhaa akijifunza wapi pa kuchimba kwa pua, saa ngapi za maji, msimu gani wa upepo. Elimu hiyo haimfai kitu ukimpeleka kwenye maji mengine. Ndivyo ilivyokuwa kwetu sisi wenyewe: Mmakunduchi na Mtumbatu wako kisiwani humu humu, hakuna aliyewawekea mpaka, lakini kila mmoja akifungua mdomo unajua kakulia wapi.

Mazingira humfanya mnyama abaki, kubaki humfanya azae na wenziwe wa hapo hapo, na vizazi vikipita vinasaba vinaachana. Hakuna siri nyingine.

Na mazingira yenyewe yana historia ambayo wanafunzi wangu huipenda kuliko sura nyingine zote za silabasi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yakiwa barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo haukuwapo. Ungeweza kwenda Bagamoyo kwa miguu. Ndivyo chui walivyofika Unguja, na paa nunga, na mababu wa kima punju. Ghuba ya Menai ilikuwa msitu au nyika. Pomboo hakuwa na pa kuogelea hapo. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikawakatia chui na kima upande wa kisiwani, nao wakaanza kuwa tofauti na ndugu zao wa bara. Maji yale yale yaliyowafungia wanyama wa nchi kavu ndiyo yaliyomfungulia pomboo ghuba mpya. Pomboo walioingia Menai waliingia katika nyumba yenye umri wa miaka elfu kumi hivi, pengine chini ya hapo. Pemba ni habari nyingine kabisa: mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata barafu ilipofika kileleni, na ndiyo maana Pemba ina popo wake asiyepatikana popote duniani na haikupata kuwa na chui.

Popo na kima tumewapa hadhi. Kima punju yuko kwenye vipeperushi vyote vya utalii kwa sababu ni wa Unguja tu. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mnyama wa nchi kavu akitengwa na mabadiliko ya bahari ni fahari ya taifa, lakini mnyama wa baharini akitengwa na mabadiliko hayo hayo ni "pomboo tu, wako wengi".

Yanayoonekana hapa Unguja kwa udogo yameonekana katika pwani nzima kwa ukubwa. Yupo pomboo wetu wa pili, yule mwenye nundu mgongoni, Sousa plumbea, mwoga wa boti, anayekaa karibu sana na ufukwe na nadra kutoka nje ya maji ya kina kifupi. Mwaka huo huo wa 2011 Martin Mendez na wenzake walilinganisha vinasaba vya pomboo hawa kutoka Oman, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini, kisha wakachukua picha za setilaiti zinazoonyesha joto la uso wa bahari, uchafu wa maji na wingi wa vijimea vya kijani vinavyolisha samaki wadogo. Mahali vinasaba vilipobadilika ndipo na maji yalipobadilika. Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini unapoigonga pwani ya Afrika, karibu na mpaka wetu na Msumbiji, hugawanyika, tawi moja likapanda kuja kwetu, jingine likashuka kusini; na pomboo wa pande hizo mbili hawafanani kwa nasaba. Umbali peke yake haukutosha kueleza tofauti hizo. Miaka mitatu baadaye, 2014, Sousa huyu akatambuliwa rasmi kuwa spishi mbali na wale wa Asia na Australia, na 2017 akaingizwa kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Yaani mnyama ambaye vitabu vyetu vilimwita wa China na wengi, kumbe ni wa Bahari ya Hindi na wachache. Jina kwenye karatasi lilibadilika, na papo hapo hali yake ikaonekana ilivyo.

Utaniuliza: kama mazingira ndiyo yaliyowatenganisha na wakamudu, mabadiliko ya sasa yana ubaya gani? Si watabadilika tena?

Hilo ni swali la haki na jibu lake lina sehemu mbili: kasi na idadi.

Kuhusu kasi sina haja ya kwenda mbali. Waulize akina mama wa mwani Paje, Jambiani na Bweleo. Kilimo kilianza kwetu mwaka 1989 na wengi walipanda mwani aina ya cottonii kwa sababu ndiyo yenye bei. Leo katika maji ya kina kifupi cottonii inaoza kwenye kamba kwa joto, na waliobaki wanapanda spinosum inayolipa kidogo. Muda wa mama mmoja kulea watoto wake umetosha bahari kugeuka. Matumbawe yalipauka 1998, yakapauka tena 2016. Tumbawe likifa, samaki wa tumbawe huondoka, na pomboo wa kundi lililozoea samaki hao hubaki na elimu isiyo na soko. Kupanda kwa bahari baada ya barafu kulichukua maelfu ya miaka, vizazi kwa mamia vya pomboo. Sasa hivi tunazungumzia kizazi kimoja au viwili.

Idadi ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Kundi linapokumbwa na mazingira mapya, linaokolewa na tofauti zilizomo ndani yake: huyu anahimili hiki, yule kile. Uchunguzi uliochapishwa 2021, ukiongozwa na Marie Louis, juu ya binamu wa pomboo wetu katika bahari za Atlantiki na Pasifiki, ulionyesha kwamba makundi ya pwani yalitokana na yale ya bahari kuu, na kwamba kila mara walipohamia pwani walitumia aina za vinasaba zilizokuwa zimehifadhika tangu kale. Hawakusubiri kitu kipya kizuke. Walichota kwenye akiba. Sasa akiba ya kundi dogo hupungua kwa bahati mbaya tupu. Chukua aina fulani ya kinasaba iliyomo kwa majike watatu tu wa kusini. Usiku mmoja jarife likanasa wawili. Aina ile haikufa kwa sababu ni mbovu. Huenda ndiyo ingewafaa wajukuu wao katika maji ya moto. Imeondoka kwa kuwa usiku ule haukuwa na mbalamwezi na wavu ulikuwa mahali pale.

Hesabu za kusini tunazo. Eva Stensland na wenzake, kwa kupiga picha mapezi ya mgongo na kuyatambua kwa mikato na makovu yake, walikadiria pomboo wa kawaida wa kusini kuwa kati ya 136 na 179 katika miaka ya 1999 hadi 2002, na wale wa nundu wakawa sitini hivi. Wanafunzi wa kidato kimoja katika skuli yangu ni wengi kuliko hao wa nundu. Kwa upande wa vifo, wavuvi wa Zanzibar walipoulizwa mwaka 1999 walitaja pomboo 96 walionaswa tangu 1995, na hao ni waliokumbukwa na kutajwa. Baadaye waangalizi walipopanda kwenye vyombo, Amir alionyesha katika tasnifu yake ya udaktari ya 2010 kwamba nyavu zilikuwa zikichukua zaidi ya asilimia 5 ya pomboo wa kusini kila mwaka, kwa spishi zote mbili. Wataalamu wa wanyama hawa hushtuka kikifika asilimia 2. Jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya mwingine. Hakuna namna ya kuziba pengo hilo kwa kuzaa.

Na kwa kuwa majike hawahami, hakuna namna ya kuliziba kwa wageni kutoka Nungwi. Hapo ndipo jibu la yule ofisa linapovunjika.

Aprili 2006 mamia ya pomboo, takriban 400, walikutwa wamekufa kwenye ufukwe wa kaskazini. Wengi wetu tunaikumbuka harufu iliyofuata. Ilikuwa pigo kwa kaskazini, lakini katika taarifa za jumla iliandikwa kama pigo kwa Zanzibar, kisha ikasahaulika kama jambo la Zanzibar, na pwani ile haikuwahi kupewa mpango wake yenyewe kana kwamba kuna kundi fulani lililopungukiwa. Ukihesabu kwa ujumla, hata msiba wa namna hiyo hauonekani umemwangukia nani.

Niingie kwenye nyavu, na hapa naomba wavuvi wanisome pia. Jarife hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Pomboo akiingia usiku huwa hana uwezo wa kurudi juu kuvuta pumzi. Hufa kwa kukosa hewa, mkia umezungushwa na uzi mara tatu nne. Anayevuta anahisi uzito na kudhani ni papa au taa mkubwa. Anapomwona, cha kwanza ni hasara: kumtoa ni kukata macho ya wavu, na wavu wenyewe una deni. Cha pili ni hofu, kwa sababu anajua sheria inamlinda mnyama yule na anadhani akifika naye dikoni ataulizwa. Basi humkata kipande kwa chambo, kilichobaki hutoswa. Bwana diko, yaani msimamizi wa diko, hana habari, wizara haina habari, na yule pomboo, ambaye ngozi yake ingeweza kutuambia ni wa ukoo gani, hayumo katika hesabu yoyote.

Kwa hiyo la kwanza ninaloomba halina gharama: tangazeni kwamba mvuvi anayeripoti pomboo aliyenaswa kwa bahati mbaya hataulizwa wala kutozwa kitu. Wekeni kwa kila bwana diko, kuanzia Kizimkazi na Mtende hadi Nungwi na Mkokotoni, na Pemba kuanzia Mkoani hadi Msuka, vichupa vya spiriti na karatasi ya kujaza tarehe, mahali na aina ya wavu. Kipande cha ngozi kisichozidi ukucha kinatosha. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, ZAFIRI, ipo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapa hapa Unguja. Vichupa vikijaa kwa miaka michache tutakuwa na jambo ambalo nchi tajiri hulipia pesa nyingi: kumbukumbu ya vinasaba ya kila kundi, wakati bahari ikibadilika, mwaka baada ya mwaka.

La pili lina gharama. Vile vifaa vidogo vya sauti vinavyofungwa kwenye nyavu kumtahadharisha pomboo vilijaribiwa katika maji yetu na vilipunguza vifo. Vikaishia kwenye majaribio, kwa kuwa mvuvi wa jarife hawezi kuvinunua na kununua betri. Ada za hifadhi ya Menai, iliyoanzishwa 1997 na yenye kilomita za mraba 470, hulipwa na watalii wanaokuja kwa ajili ya pomboo hao hao. Sehemu yake inunue vifaa kwa wavuvi wa ghuba hiyo. Naona aibu kwamba mpaka leo anayebeba gharama ya pomboo ni mwenye wavu, na anayekula faida yake ni mwenye hoteli.

Boti za watalii nitazigusa kwa ufupi kwa sababu zimeshasemwa sana. Utafiti wa Fredrik Christiansen na wenzake uliochapishwa 2010 ulipima tabia za pomboo wa kusini boti zikiwapo na zisipokuwapo, na ukaonyesha kwamba muda wao wa kupumzika na wa kuwa pamoja unaliwa na boti. Aliyewahi kufika Kizimkazi asubuhi ya msimu hahitaji utafiti. Boti inawakata mbele, wageni wanatupwa majini na mapezi ya plastiki, kundi linazama, boti nyingine kumi zinageuza pua kuelekea watakapoibukia. Jike mwenye mtoto mchanga huibuka mara kwa mara kwa sababu mtoto hana pumzi ndefu, kwa hiyo ndiye anayefikiwa kwanza. Vijana wa boti ni wanafunzi wangu wa zamani na wanakula kwa kazi hiyo; siombi ifungwe. Naomba idadi ya boti kwa kundi moja la pomboo iwekwe na isimamiwe na mtu ambaye si jamaa wa wenye boti. Na naomba Kamisheni isiwaambie wawekezaji wa Mnemba na Nungwi kwamba wakizidiwa kusini wanaweza kuhamishia shughuli kaskazini. Kaskazini si ghala la akiba la kusini.

Bandari ya Mangapwani, vitalu vya mafuta na gesi, mitetemo ya kupima ardhi chini ya bahari: katika tathmini zote hizi utakuta swali la kama kuna spishi iliyo hatarini. Swali hilo halitoshi. Ongezeni: ni kundi gani linaguswa, lina wanyama wangapi, na je, kelele zitaziba njia iliyobaki baina ya kundi na kundi? Madume huenda ndio wanaopita mara moja moja na kuchanganya damu. Ukiweka ukuta wa kelele pwani ya magharibi, umekamilisha utengano ambao mazingira yaliuacha nusu.

Kama mtaniona nachimba mambo madogo, New Zealand wamefanya hivyo. Pomboo wao mdogo wa Kisiwa cha Kaskazini alitambuliwa mwaka 2002 kuwa nususpishi mbali na ndugu zake wa Kisiwa cha Kusini, kwa kigezo cha umbo na vinasaba. Ndugu wanahesabiwa kwa maelfu. Wa kaskazini wamebaki hamsini na kitu. Laiti wangewajumlisha, yule wa kaskazini angekufa ndani ya wastani. Badala yake nyavu za kutega zimepigwa marufuku katika sehemu kubwa ya pwani yake. Mexico kwa upande wao wana vakita, nyangumi mdogo wa Ghuba ya California, ambaye wamebaki kama kumi. Wengi walishamkatia tamaa kwamba vinasaba vyake vimekwisha, mpaka uchunguzi wa mwaka 2022 ulipoonyesha kwamba kwa upande wa vinasaba bado anaweza kuinuka, iwapo tu nyavu zitaondolewa kabisa kwenye maji yake. Kinachommaliza ni wavu. Hiyo kwangu ni habari njema, maana wavu uko ndani ya uwezo wa serikali na joto la bahari haliko.

Na sisi tunaye nguva. Wazee wa Pemba na wa Unguja waliwahi kumla. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na waliobaki karibu wote wako Msumbiji. Watafiti walipotaka kujua nasaba za nguva wa Bahari ya Hindi, ilibidi mwaka 2019 wasome vinasaba kutoka mifupa na meno yaliyowekwa kwenye makumbusho, wakagundua kwamba magharibi mwa bahari hii kulikuwa na nasaba zake zenyewe. Tumekuja kujua tulikuwa na nini baada ya kukimaliza, na tumejulia makabatini mwa watu.

Pemba walishaonyesha kwamba inawezekana vingine. Popo wao alikaribia kumalizika mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiji kama Kidike vikaunda vikundi, vikalinda miti ya kulala popo, na leo wako kwa maelfu. Hawakuambiwa watakuja popo wengine kutoka Unguja. Walijua hawako. Eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba, PECCA, lipo tangu 2005, na pomboo wa huko waanze kuchukuliwa sampuli zao sasa hivi, kabla bajeti hazijaelekezwa kwenye gesi.

Mheshimiwa, bajeti ya wizara yako husomwa Baraza la Wawakilishi kila mwaka. Naomba katika hotuba ijayo sehemu ya wanyama wa baharini iwe na mistari mitatu: kusini mwa Unguja, kaskazini mwa Unguja, na Pemba, na mbele ya kila mmoja tarakimu ya walio hai na ya waliokufa wavuni. Pasipo na tarakimu paachwe wazi, wajumbe wapaone na waulize. Vichupa vya kuanzia huku kusini vinaweza kutoka katika maabara ya skuli yetu. Spiriti tutachangishana na wazazi. Tunachokosa ni barua yenye muhuri wako inayosema kwamba mvuvi atakayekuja na kipande cha ngozi hatakamatwa.

Wasalaam,

Mwalimu wa baiolojia,
Wilaya ya Kusini, Unguja